Fisi, Mhitimu wa Kilima Asichokipanda

Kilikuja kiangazi chenye meno. Kilikula nyasi, kikala majani, kikaramba mito mpaka ukabaki mchanga mtupu, na kilipomaliza kikawageukia wanyama. Ndipo wanyama wa Bonde la Juu walipofunga safari, wadogo wakibebwa migongoni na wazee wakitembea katikati, wakateremka siku tisa kutafuta pa kuishi.

Siku ya kumi wakaingia bonde wasilolijua. Miti yote ilikuwa mikavu kama fimbo, isipokuwa mmoja. Katikati ya bonde ulisimama mgunga mkubwa uliojaa majani mabichi, kana kwamba mvua ilikuwa ikinyesha juu yake peke yake. Chini yake yalikuwa yametapakaa maganda ya mbegu yaliyojikunja, yenye rangi ya chungwa, matamu. Wanyama wakala na hawakuongea mpaka matumbo yalipotulia.

Miongoni mwao alikuwapo Kindi, mama kijana mwenye watoto watatu. Alipata shimo zuri juu ya mgunga ule, na Tembo akainua mkonga akampandishia watoto mmoja mmoja, taratibu, ili wasichubuke. Kindi hakusahau. Alikuwa na tabia hiyo ya kukumbuka wema, hata ule mdogo ambao aliyeutenda ameshausahau. Na mgunga ule aliuona kama mwenye nyumba aliyewafungulia mlango wakiwa na njaa. Kwa hiyo kila asubuhi alichukua mbegu zake akazipanda, ili siku moja bonde liwe na migunga mingi. Alipanda mara saba. Hazikuota hata moja.

Simba, mfalme wao, akaitisha mkutano.

"Mti huu," alisema huku akitikisa manyoya ya shingo, "umebaki kijani kwa sababu ulisikia ninakuja."

"Na ile mingine, Mtukufu?" akauliza Sungura. "Ilikauka kwa kukosa habari?"

Wanyama wakainamisha nyuso ili wasionekane wanacheka. Simba akafikiri, akaona ni jibu zuri. "Naam. Haikupata habari."

"Basi tungejua kwa hakika ingekuwa bora zaidi," Sungura akasema. "Mbayuwayu wananiambia kuwa ng'ambo, kwenye Kilima Chekundu, kuna shule ya miti. Mwalimu wake anaitwa Kigong'ota. Sijamwona, na sidhani kama kuna aliyemwona hapa, maana kwetu hakuna wa kabila lake. Lakini wanasema anajua kwa nini mti huishi na kwa nini hufa. Tumpeleke mmoja wetu akasome. Tumchangie chakula cha kumtosha, na shule nayo tuichangie. Akirudi, atatufundisha kuotesha migunga mingine, na kiangazi kijacho hatutahama tena."

Likapita. Siku ya mchango ilipigiwa ngoma, na Simba akawa mgeni rasmi wa mkutano alioitisha mwenyewe. Tembo alileta mzigo wa magome matamu. Nyani walileta asali wakiwa na nyuki bado. Simba aliahidi paja la nyati, akapigiwa makofi marefu, na paja lenyewe likabaki kuwa ahadi. Kindi alileta konzi mbili za karanga alizokuwa amewawekea wanawe. Lakini aliyemgusa moyo ni Shangazi Nungunungu, jirani yake wa chini, aliyekuja wa mwisho na viazi-mwitu viwili, akaviweka nyuma ya lundo ili mtu asione ni vichache.

Fisi hakuleta kitu. Alikuja kutazama tu. Alilitazama lundo lile mpaka mate yakalowesha vidole vyake, na saa ileile akajikuta anaipenda sana miti.

Kesho yake wakaitwa wanaotaka kusoma. Walijitokeza wawili, Fisi na Kindi.

"Swali ni moja," Simba akasema. "Mti ni nini?"

Fisi akapiga goti. "Mtukufu, mti ni simba aliyesimama wima! Shina ni kifua chako, matawi ni manyoya yako, mizizi ni makucha yako yaliyoishika ardhi. Miti yote naijua, ya mbele na ya nyuma. Hakuna nisilolijua."

Vigelegele! Simba mwenyewe akajitazama kifua.

Ikawa zamu ya Kindi. "Mtukufu," alisema, "sijui vizuri. Nimepanda mbegu za mgunga mara saba, zinagoma kuota. Sijui kwa nini. Wala sijui kwa nini mti huu una majani wakati wenzake wamekauka. Ningependa kujua."

"Hujui?"

"Sijui, Mtukufu."

Simba akaugeukia umati. "Jamani, mmesikia? Hajui, naye anataka apelekwe shule! Tumpeleke kwa watu wa mbali mtu asiyejua, atuaibishe? Apelekwe anayejua, ili mwalimu akimwona aseme: kumbe kule kuna vichwa!"

Umati ukaitikia kwa kichwa. Nungunungu naye akaanza kuitikia, kisha akasita, kichwa kikiwa nusu ya njia.

Kindi akapanda mgunga wake polepole. "Mama, umeshinda?" watoto wakauliza.

"Mwaka huu hapana."

"Lakini sisi tulikuimbia!"

"Niliwasikia," akasema, akawakumbatia wote watatu kwa pamoja, maana mikono yake ilikuwa mifupi.

Fisi akaondoka na mzigo mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Akapungiwa mikono mpaka akapotea nyuma ya ukingo wa kwanza. Hapo nyuma ya ukingo kulikuwa na pango lenye sakafu ya jivu jeupe. Akaingia, akaketi, akala chakula cha mwezi kwa siku tatu.

Ilikubaliwa kuwa kila mwezi mpevu aje kwenye jiwe la mpakani kupokea chakula kingine na kutoa taarifa ya masomo. Hakukosa hata mara moja.

"Masomo vipi, msomi wetu?" Tembo akamuuliza.

"Magumu, ndugu yangu! Mwezi huu tunasoma mizizi. Na mwalimu anasema mizizi haieleweki bila mtu kutafuna mifupa. Leteni mifupa."

Wakaleta mifupa. Mwezi uliofuata akasema wanasoma utomvu, na utomvu hauelezeki bila mafuta. Wakaleta mafuta.

"Mbona unazidi kunenepa?" Nyani mmoja akauliza.

"Ni elimu hiyo," Fisi akajibu akijishika tumbo. "Mnaona kichwa chenyewe ni kidogo, nyingine inabidi iteremke huku."

"Maskini," Tembo akasema, "jinsi anavyojitesa kwa ajili yetu!"

Sungura hakutazama tumbo. Alitazama miguu. Kilima kile kiliitwa Chekundu kwa udongo wake, lakini nyayo za Fisi zilikuwa nyeupe kwa jivu. Alfajiri akachukua njia, akapanda kilima mpaka shuleni, akauliza habari za mwanafunzi Fisi. Akajibiwa kuwa pale hawajawahi kumwona fisi yeyote, hata wa kupita njia.

Akarudi moja kwa moja kwa Kindi.

"Tumwambie Simba!" Kindi akasema.

"Dada yangu, Fisi alichaguliwa na nani?"

"Na Simba."

"Tukisema Fisi ni mwongo, tumesema Simba ni mjinga. Mimi bado nayapenda masikio yangu. Mwache Fisi, atajisema mwenyewe siku yake. Wewe funga mzigo uende ukasome."

"Nina watoto watatu, kaka. Nitawaacha na nani?"

Chini ya mti sauti ikakohoa. Alikuwa Shangazi Nungunungu, naye alikuwa amesikia yote. "Kwangu," akasema.

Kindi akaitazama ile miba, kisha akawatazama watoto wake.

"Najua unachofikiri, mwanangu," Nungunungu akasema bila kuudhika. "Ngoja." Akalala chali, miba yote ikabaki chini, tumbo laini likatazama juu. "Hivi ndivyo nitakavyowalaza. Mimi mgongo wangu umezoea."

Kindi akalia pale pale. Usiku haukuingia kabla majirani, walioambiwa tu kwamba naye anakwenda kusoma, hawajaleta kilichobaki majumbani mwao: Tembo gome moja, Nyani sega dogo, Nungunungu viazi viwili tena. Hapakuwa na ngoma wala mgeni rasmi.

Mwalimu Kigong'ota alikuwa ndege mdogo mwenye ushungi mwekundu kichwani, asiyezidi ukubwa wa sikio la punda. Siku ya kwanza Kindi alimpita mara mbili akimtafuta.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuuliza kwa nini mbegu za mgunga hazioti."

"Marahaba. Hapa hatujibu," mwalimu akasema. "Hapa tunapanda, halafu tunatazama. Panda mistari mitatu. Wa kwanza mbegu kama zilivyo. Wa pili, kila mbegu itafune kidogo pembeni, itoboke ganda tu. Wa tatu, okota mbegu zilizokwisha kupita tumboni mwa tembo."

"Zilizopita... mpaka zikatoka?"

"Mpaka zikatoka. Elimu haina kinyaa."

Kindi akapanda, akamwagilia, akatazama. Mstari wa kwanza ukakaa kimya. Wa pili na wa tatu ikachomoza kama masikio ya sungura. Kindi akapiga kelele za furaha mpaka akaangusha kibuyu cha maji. Kumbe mbegu haikugoma kuota! Ilikuwa imejifungia ndani, na inahitaji wa kuifungulia.

Akajifunza kugonga shina na kusikiliza. Akajifunza kukwangua gome kidogo kwa ukucha na kutazama rangi ya chini yake. Halafu mvua za kwanza zikanyesha, miti yote ikaanza kuchipua, na migunga ya kilimani ikapukutisha majani yake yote. Kindi akalia kama mfiwa.

"Kwangua," mwalimu akasema.

Akakwangua. Chini ya gome palikuwa kijani, pamelowa.

"Haujafa, umelala," mwalimu akasema. "Mgunga una ratiba yake. Wenzake wakiamka kwa mvua, wenyewe hulala. Wenzake wakilala kwa jua, wenyewe huamka. Ndiyo maana mliukuta kijani."

Kindi akafurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha moyo ukamruka. "Mwalimu! Kule kwetu hawajawahi kuuona wakati wa mvua. Watadhani umekufa. Na Fisi ndiye msomi wao!"

"Basi tunangoja nini?" Kigong'ota akasema, na mbawa zake zilikuwa zimeshafunguka.

Bondeni, mambo yalikuwa kama Kindi alivyohofia. Mgunga ulipoanza kupukutika, Simba aliamuru ngoma ipigwe kumwita msomi wake kutoka shuleni, naye akafika upesi kuliko walivyotarajia, maana pango halikuwa mbali. Ikaandaliwa sherehe ya mahafali na matibabu kwa pamoja. Kindi alipotokea, akihema, aliona umati, akamwona Fisi amevaa joho la ukindu na kofia ya nusu kibuyu, akawaona watoto wake juu ya tumbo la Nungunungu, na kitanda chao cha nyasi kimeshatolewa nje. Tembo alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye shina la mgunga, akingoja amri.

"Umekufa!" Fisi alikuwa akisema. "Na mti mfu huambukiza. Usipoangushwa leo, mingine yote itafuata. Na kwa desturi ya wasomi, mganga wa miti hupewa nyama kila siku ili asipoteze kumbukumbu."

"Mtukufu, ngoja!" Kindi akapaza sauti. "Mti uko hai, umelala tu!"

"Aha, yule asiyejua!" Fisi akacheka. "Umesikia wapi, mama, mti ukalala na mvua inanyesha? Umeuimbia wewe?"

Umati ukacheka. Simba akainua mkono kumpa Tembo amri. Mti ule ukianguka, nyumba yake imekwenda, na kiangazi kijacho hapatakuwa na ganda hata moja la kumpa mtoto yeyote bondeni.

"Mtukufu," Sungura akasema haraka, "mahafali gani haya? Kwa watu wastaarabu, mhitimu humshukuru mwalimu wake kwanza."

Simba hakutaka kuonekana hajui ya wastaarabu. "Nilikuwa naelekea hapo," akasema. "Msomi, shukuru."

Fisi akarekebisha kibuyu chake. Ndege mmoja mdogo alikuwa ametua kwenye shina, akaanza kuligonga: ko-ko-ko, kimya, ko-ko-ko.

"Mfukuzeni huyo kidege!" Fisi akasema. "Anagonga-gonga tu, hana adabu, wakati wasomi wanaongea! Naam. Mwalimu wangu Kigong'ota, ndugu zangu, ni jitu! Akisimama anafika begani kwa Tembo. Sauti yake ni radi. Amenipenda kama mwanawe, na sahani yetu ilikuwa moja."

"Na mdomo wake?" ndege akauliza kutoka shinani.

"Mpana! Una meno mawili marefu kama mikuki. Wewe kidege ukimwona utaangusha manyoya."

"Je, ukimwona leo utamtambua?" Sungura akauliza.

"Nimtambue? Hata kwa harufu!"

"Basi nusa, ndugu yangu. Umemwambia sasa hivi kuwa hana adabu."

Fisi akatazama huku, akatazama kule, akitafuta jitu. Halafu polepole, macho yake yakapanda kwenye shina mpaka kwenye ule ushungi mwekundu.

"Shikamoo... Mwalimu," akasema.

"Marahaba," Kigong'ota akajibu. "Karibu shuleni. Umechelewa miezi minne."

Aliyeanza kucheka ni Tembo. Alicheka mpaka akauachia mti akaketi chini, na bonde likatikisika. Nyani wakaanguka matawini. Nungunungu alijizuia kwa nguvu zote, asije akajigeuza na watoto wako juu ya tumbo lake.

Simba hakucheka. Kindi alimtazama, akaona kitu ambacho wengine hawakukiona: ncha ya mkia wa mfalme ilikuwa imelala mavumbini. Akamwonea huruma. Akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mtukufu, sote tulimpigia vigelegele. Njoo, ukucha wangu ni mdogo. Ukwangue wewe gome hapa, taratibu, wote waone."

Simba akatoa ukucha mmoja, ule uliowahi kuvunja shingo ya nyati, akakwangua kama anayempangusa mtoto pua. Chini ya gome pakaonekana kijani kibichi, kinachong'aa kwa maji. Umati ukasema "Ahaa!" kwa mdomo mmoja.

"Mimi," Simba akasema, kisha akaanza tena. Neno lililofuata lilikuwa geni kinywani mwake. "Mimi nilikuwa sijui."

"Hapo ndipo shule inapoanzia," Kigong'ota akasema.

Fisi alikuwa ameanza kunyata kuelekea vichakani, lakini joho lilimkwamisha miguu. Simba akamkanyaga mkia. "Nimle?" akauliza.

"Hapana, Mtukufu," Kindi akasema. "Ana kazi. Mbegu za mgunga huota vizuri zikishapita tumboni mwa Tembo. Anahitajika mtu wa kumfuata Tembo nyuma na kikapu, kila siku, azichambue moja moja."

Fisi akamtazama Tembo. Akatazama sehemu ya nyuma ya Tembo. "Mama Kindi," akasema kwa unyonge, "si afadhali niliwe?"

Hakuliwa. Masika yote alifuata, alichambua, na kitalu cha Kindi kikajaa miche. Kiangazi kiliporudi na meno yake, nyasi zikakauka, miti ikavua majani, na mgunga ukaamka, kijani tele, ukamwaga maganda yake. Hakuna aliyehama.

Simba akaleta lile paja la nyati, safari hii paja lenyewe, akaitisha mchango mwingine ili kilimani aende mwanafunzi mwingine. Lundo likawa kubwa kuliko la kwanza, na Nungunungu akaviweka viazi vyake mbele kabisa. Wakajitokeza wengi. Waliosema wanajua yote, Simba aliwashukuru akawaambia wakae. Binti wa Ngiri aliuliza, "Kwa nini mizizi hushuka badala ya kupanda? Sijui, na sipati usingizi." Akafungiwa chakula cha njia saa ileile.

Ndipo Fisi akaja mbio, kikapu kichwani. "Mtukufu, mwaka huu mimi ndiye! Sijui mti, sijui jani, hata shule ilipo sijui!"

"Na unataka kujua?"

Fisi akatupia jicho lile lundo. "Nataka kujua sana... chakula kinatolewa saa ngapi."

Nyuma yake kitu kizito kikaanguka kwa kishindo, kikitoa mvuke. Tembo akakohoa kwa adabu.

"Msomi," Sungura akasema, "somo lako limeanza."

Hivyo ndivyo ilivyo bondeni: ajuaye yote hubaki nyumbani na kikapu, na anayeuliza husindikizwa mpaka mpakani. Mgunga nao bado hulala mvua zinaponyesha, na kila anayepita chini yake hunyata, kama tunavyonyata tukipita karibu na mtoto aliyelala.